Breki Auza Nyumba, Kijiwe Chanunua Kesi

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi, mguu wake mmoja ni tofali la kuazima, na mbele yake Shangazi, muuza kahawa, ameweka jiko la mkaa na birika la kahawa. Asubuhi ile walikaa watatu. Kinyozi mwenyewe, anayeitwa Profesa kwa sababu hajawahi kukiri kuwa kuna jambo asilolijua. Mpaka rangi anayeitwa Mkono Mmoja, si kwa kilema, bali kwa kuwa ukuta wako hapaki mkono wa pili wa rangi hata umlilie. Na Breki, dereva wa lori mstaafu, ambaye leo kahawa yake ilikuwa imepoa kikombeni. Binti yake, aliyeolewa mji wa mbali, alikuwa amejifungua mapacha, akamwita baba yake akaishi naye. Nyumba, ile pale ng'ambo ya barabara, ilibidi iuzwe. Mnunuzi angekuja saa nne.

— Jamani, niokoeni, Breki alisema. Ukuta wa sebuleni una ufa.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, Profesa alijibu. Na kujenga ukuta si mchezo. Kwa hiyo sogeza kabati.

— Kabati limeziba ufa mwingine.

— Tundika kalenda.

— Kalenda iko kwenye ufa wa tatu.

— Ee Breki! Shangazi akadakia. Hizo ni kuta au ramani?

Mkono Mmoja akakohoa kitaalamu.

— Niachieni mimi. Napiga rangi ya maziwa nyumba nzima, sasa hivi.

— Itakauka saa ngapi?

— Kukauka? Huo ni mkono wa pili, mzee wangu.

— Na mgeni akiegemea?

— Akiondoka na rangi yetu mgongoni, si ameshaanza kununua?

Breki alishika kichwa. Akakumbuka na mlango wa mbele, ambao haufunguki mpaka uupige bega.

— Nyumba njema si mlango, alisema Mkono Mmoja. Ung'oe.

— Niung'oe?

— Mwambie ni mtindo mpya. Nyumba inapumua.

— Mnahangaika bure, alisema Profesa, akanyanyua kidole. Wahenga wamemaliza kila kitu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake mnunuzi asitembezwe ndani! Amalizane na ukuta wa nje.

— Anunue nyumba bila kuingia?

— Wewe ulipokabidhiwa lori, uliomba kwanza uingie ndani ya injini?

Breki akainamia kikombe chake. Kwa Profesa hilo lilikuwa jibu.

— Dawa ni foleni, Profesa aliendelea. Mtu hapendi kitu mpaka akione kinagombewa. Mimi nitavaa koti, nijifanye tajiri. Shangazi atajifanya mke wangu.

— Thubutu! Shangazi akasema. Tajiri mwenye suruali hiyo?

— Na mimi? aliuliza Mkono Mmoja.

— Wewe umeikosa nyumba. Utalia.

Mkono Mmoja hakungoja kuambiwa mara mbili. Akajipiga kifuani, akaangua kilio mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Mama mmoja aliyekuwa akipita, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, akasimama, mkono kifuani.

— Poleni sana, wazee wangu. Aliyefariki ni nani?

Kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

— Hajafa mtu, mwanangu, alisema Breki kwa aibu. Ni nyumba yangu ile. Naiuza.

— Kumbe ndiyo yenyewe! Mimi ndiye mnunuzi. Nimewahi kidogo. Mzee, nina swali moja tu. Mimi ni fundi cherehani, na macho yangu yanataka mwanga. Asubuhi jua linaingia chumba gani?

Profesa alitazama juu. Mkono Mmoja alitazama chini. Breki aliitazama nyumba yake. Miaka ya lori, asubuhi zilimkuta barabarani. Miaka ya kustaafu, zilimkuta hapa. Marehemu mkewe ndiye angejua.

— Sijui, alisema, na neno hilo likamuuma kuliko nyufa zote tatu.

— Si bado ni asubuhi? Twende tukaone.

Wakavuka barabara. Breki alimwonyesha kila ufa bila kuulizwa, na yule mama akasema nyufa ameziona hata kwao. Kisha wakafungua chumba cha nyuma, kile cha kuwekea magunia. Jua lilikuwa limejaa humo, la manjano, kutoka dirishani mpaka ukuta wa pili. Mama akanyoosha kiganja kwenye mwanga kama anayepima kitambaa.

— Cherehani itakaa hapa, alisema. Nimeridhika, mzee. Nihamie lini?

— Nipe wiki moja.

— Ya kufungasha?

Breki alivuta gunia moja, akaliweka katikati ya mwanga, akaketi.