Jina Lililobanduliwa Getini

Suhaib, Zubeda, sogeeni karibu, wanangu, mnisikilize. Nyumba hii ya Gongo la Mboto na hisa zangu mtagawana kwa sheria, hapo sina neno. Ninalo neno juu ya jina la karakana.

Tarehe 3 Machi 1958 marehemu Haroub bin Masoud, mwenye duka la mbao, na Ferdinand, mhunzi kutoka Songea, walitoa behewa lao la kwanza la treni, hilo lililoegeshwa hadi leo kwenye geti la karakana, hapo ng'ambo ya barabara. Wenye maduka wenzake wakamcheka Haroub kwa kuandika jina la fundi kando ya lake, naye akawauliza, "Nyie mtapanda mtaji wangu au behewa lake?" Karakana ikaitwa Haroub na Ferdinand. Mwaka 1967 ilipotaifishwa ikawa Kiwanda cha Umma cha Mabehewa, na tarehe 12 Juni 1996, mimi nikiwa karani mkuu, sisi wafanyakazi tukainunua, tukaiita Mabehewa Pugu. Majina matatu, na hakuna lililomfuta mwenzake, kwani Ferdinand alituachia desturi: behewa likirudi kwa matengenezo, bamba la shaba lenye jina la zamani halibanduliwi, jipya hugongwa chini yake, ili fundi wa leo amjue aliyemtangulia.

Sasa wewe, Suhaib, umetaka kuniheshimu. Alhamisi umeyabandua yale matatu kwenye behewa la getini, ukaweka bamba jipya lililoandikwa jina langu, Sadallah, peke yake. Dada yako alikuonya kwamba nitachukia, ukamjibu, "Sista, mzee akiliona jina lake atapona."

Nimeliona. Sijapona.

Wala sikasiriki, mwanangu. Jina langu nalipenda tangu nilipofundishwa kuliandika kwa wino, na pale limependeza. Lakini Haroub ana wajukuu hadi Msasani wanaomtaja kila Ijumaa. Ferdinand hakuacha mtoto, na kaburi lake hatulijui. Mabehewa yake mengine yamekwisha kuwa chuma chakavu; mahali anapoitwa duniani ni pale getini tu, nawe umepanyamazisha.

Jumatatu wenye hisa mkikutana kuchagua jina jipya, iiteni kampuni mpendavyo, mradi jina hilo likae chini ya yaliyotangulia. Hilo ni la Jumatatu. La sasa ni hili: chukua nyundo, Suhaib, uyarudishe yote kwa mkono wako, usimtume mtu, na langu liwe la chini kabisa. Radhi zangu zinakungoja pale. Nenda, baba.

Zubeda, fungua dirisha. Niinue kidogo. Hapo.

Unamsikia? Hilo la kwanza, la Ferdinand... Kaka yako anagonga kama karani, si kama fundi. Mwache. Msije mkagombana nyuma yangu, mama. Atakapokosea, mwambie, kama ulivyomwambia. Radhi zangu mnazo, wote wawili... Mola awape uzao wa kuwataja... 

Usifunge dirisha. Akifika kwenye langu... mwambie asiharakishe.