Bulaimu Assumani, Shofa Ambaye Tiyo Yake Haikupasuka

Mzee Bulaimu Assumani anastaafu tarehe 31 Julai 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuendesha na kutengeneza ambulansi ya hospitali yetu hapa Kasongo. Waandaaji wa sherehe wameniomba mimi, mkunga Hidaya, niandike maneno machache ya heshima. Heshima itakuwepo. Ila nimecheka tangu nilipoandika jina lake, na karani wa chumba cha jirani amekwisha kuja kuuliza kama niko mzima.

Aliajiriwa kuwasha jenereta tu. Alikuwa fundi baiskeli pale sokoni, na hospitali ilihitaji mtu asiyeogopa grisi. Aliwasha jenereta, akafufua pampu ya maji, na haukupita muda akaonekana ameshika usukani, amekuwa shofa, yaani dereva, wala hakuna anayekumbuka nani alimkabidhi ufunguo.

Gari lenyewe lilikuwa zawadi kutoka nchi ya baridi, na lilifika likiwa limekwisha zeeka. Tuliliita Mama Mukwe kwa sababu lilitaka kubembelezwa kila asubuhi. Kwa kuwa lilitengenezwa kwa ajili ya watu wa theluji, lilikuwa na shofazhi, yaani kisanduku chini ya dashibodi kinachopuliza joto miguuni. Maji ya moto ya injini yaliingia humo kwa tiyo moja, bomba la mpira, na kurudi kwa tiyo nyingine. Joto, hapa Maniema! Tena swichi yake ilikuwa imeganda, haizimiki. Aliyekaa mbele alishuka akiwa ameiva hadi magotini. Papa Zuberi, mwenye maumivu ya viungo, aliamini kwamba hayo ni matibabu, akawa anakuja kuomba kiti cha mbele hata gari likiwa limeegeshwa uani.

Sasa niseme juu ya siku ile. Kila mtu mjini anaisimulia kwa namna yake, na mniamini mimi, kwa sababu nilikuwa ndani ya gari.

Ulikuwa msimu wa mvua wa mwaka 2017. Hospitali ilijua tu kwamba tumekwenda upande wa Wamaza kumchukua mjamzito. Mjamzito huyo alikuwa Léocadie, mkulima, na ndugu zake walimbeba kwa tipoyi mabegani hadi pale gari lilipoweza kufika. Nilipompima nilikuta mtoto amelala kingamakingama tumboni. Bila kupasuliwa upesi wangekufa wote wawili. Sisemi hivyo ili kunogesha hadithi.

Katikati ya njia mvuke ulifuka mbele ya kioo. Tiyo moja ya shofazhi ilikuwa imepasuka, na maji ya injini yalikuwa yakimwagika barabarani. Kuendelea kungeiua injini. Tiyo mpya ilikuwa Bukavu, na sisi tulikuwa porini. Mara akapita Clovis, mwendesha pikipiki aliyetoka Salamabila na abiria wawili na mbuzi. Bulaimu akamtuma Kasongo: «Uwaambie tiyo ya shofazhi imepasuka, maji inatoka, lakini tunakuja.»

Injini ilipaswa ipoe kwanza, kwa sababu kufungua radiateri yenye moto ni kuoga maji yanayochemka. Huo ndio muda mgumu kuliko wote niliowahi kupitia, Léocadie akiwa ameukamata mkono wangu. Injini ilipopoa, Bulaimu alikata ncha iliyopasuka na kujaribu kuirudisha tiyo, lakini mpira ulikuwa mkavu, ukachanika tena. Ndipo alipouliza, kama anayejiuliza mwenyewe, ni nani hasa anayehitaji shofazhi huku kwetu. Akaing'oa tiyo mbovu, akaitupa. Akachukua ile nzima, upande mmoja akauchomeka mahali maji yanapotoka kwenye injini, upande wa pili mahali yanaporudia. Kisanduku cha joto kikarukwa, kikabaki bila kazi. Alikaza miunganiko kwa vibano vilevile vya zamani, na juu yake akazungusha vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, amevivuta kwa meno. Kisha alichota maji mtoni kwa bido, dumu la plastiki, akayamimina taratibu injini ikinguruma hadi mapovu yakaisha. Nusu ya maji yalimwishia kwenye suruali.

Huku nyuma Clovis alikuwa amefika hospitali. Upepo, mbuzi na makorongo vilikuwa vimeyapunguza maneno. Alisema: «Tiyo ya shofa imepasuka. Maji inamutoka.» Daktari André akamwuliza ni tiyo gani. Clovis, kijana mwenye adabu, akatazama chini tu, na kila mtu akaelewa vibaya kabisa. Jenereta ikawashwa. Vyombo vikachemshwa. Daktari akavaa mavazi ya upasuaji. Mama Feza, mke wa Bulaimu, akaitwa, akaja na mkeka, sufuria na shangazi zake, wote wakilia tayari.

Tukaingia uani. Bulaimu akashuka, amelowa kuanzia kiunoni kushuka chini. Ushahidi gani tena ulitakiwa? Wauguzi walimlaza kwenye machela kabla hajafumbua mdomo. Alijitetea kwamba yeye mzima, kwamba «mama iko nyuma, mama iko nyuma», na Élysée, muuguzi mkuu, akamfariji kwa upole kwamba aibu hiyo huwapata wanaume wengi. Nilipiga kelele siku ile kuliko mjamzito yeyote niliyewahi kumzalisha, hadi wakafungua mlango wa nyuma.

Walimshusha Bulaimu, wakampandisha Léocadie kwenye machela ileile. Siku za kawaida, kukusanya watu na kuandaa chumba cha upasuaji hutuchukua muda mrefu. Siku ile kila kitu kilikuwa tayari, kimeandaliwa kwa ajili ya mwanamume asiyeumwa. Daktari André anasema mpaka leo kwamba tusingekuwa na muda huo mkononi, tungezika.

Shofazhi haikurudishwa tena, na tiyo ile iliyokunjwa bado ipo. Papa Zuberi alikuja kulalamika kwamba tumemnyima dawa, na Bulaimu akampa chupa ya maji ya moto na kiti kivulini. Safari zilizofuata, za wagonjwa wa malaria, wa mifupa na wa uzazi, siwezi kuzimaliza hapa.

Juzi Léocadie alifika kutoka Wamaza na binti yake Aurélie, anayesoma shule sasa na asiyetulia hata kidogo. Nilimwomba maneno ya kumwandikia Mzee. Alifikiri, akamtazama mtoto, akasema: «Mimi niko. Mutoto iko. Unataka niseme nini ingine?»

Mzee Bulaimu, tunakupenda na tutakukosa. Kwa hao wawili, na kwa wote uliowaleta wakiwa bado wanapumua, asante. Mungu akujalie miaka mingi, na wewe uwe abiria.