Miezi Minne ya Bernadine Voss

Nina miaka themanini na mbili. Nimewazika magavana watano, wake wawili na daktari aliyeniambia niache sigara. Kwa hiyo shirika analofanyia kazi Bernadine Voss lilipotafuta mtu wa kuandika habari zake, nilisema naandika mimi, hata kama shule niliyosoma ni kidogo. Niliendesha lifti ya bunge la jimbo mpaka nilipozeeka, na hajatokea wa kuiendesha kama mimi.

Bernadine anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutetea haki za wanawake katika mambo ya uzazi. Gavana akiteua mtu wa kuwabana wanawake, Bernadine alimpinga. Aliwapinga wengi, na wengi walipita tu kwenye kura ya maseneta. Sherehe hii ya kumuaga ina keki, lakini sitadanganya kwa ajili ya keki.

Maseneta waliomkimbia kwenye korido walijificha ndani ya lifti yangu. Mimi niliwateremsha palepale alipokuwa amesimama. Alicheka kwa macho tu, mdomo kaufunga.

Kazi yake kubwa ilikuwa kumzuia Daktari Brandvold, aliyeteuliwa kuongoza idara ya afya ya jimbo. Katika hospitali aliyoisimamia kwao, mwanamke ambaye mimba yake inaharibika hakuguswa mpaka moyo wa mtoto tumboni uache kupiga. Janine Pruett alisubirishwa hivyo, akavuja damu, akafa. Brandvold alisema wazi kwamba akipata cheo, utaratibu huo utakuwa wa jimbo zima.

Kwetu kamati ya maseneta haimsikilizi mteule mpaka seneta wa kwao asimame kando yake amtambulishe. Seneta huyo alikuwa Merle Gustafson, mtu wa gavana, tena akisali kanisa moja na Brandvold. Vijana wa shirika walitaka kumzomea. Bernadine akakataa. Alimpeleka Gustafson kwa Dale Pruett, mume wa marehemu, akawaacha wawili jikoni, mwenyewe akakaa garini.

Asubuhi ya kikao Gustafson akaingia kwenye lifti. Nikabonyeza kitufe cha ghorofa ya tatu.

“Nipeleke chini, mzee Ott.”

“Kikao kiko juu, mheshimiwa.”

“Najua kiliko. Wewe si unajisifu hujawahi kukosea ghorofa? Usianze leo.”

Nikampeleka chini. Huko juu Brandvold alisimama peke yake mpaka mwenyekiti akaahirisha, na baadaye jina lake likaondolewa.

Baada ya miezi minne gavana alileta mwingine, maneno yaleyale kwa sauti laini. Seneta wa kwao alisimama naye. Akapita, na utaratibu ule ukapita. Bernadine alikwenda mwenyewe kumwambia Dale, asije akasikia redioni.

“Kwa hiyo tulipata miezi minne tu, Bi Bernadine?”

“Minne tu, Dale.”

Miezi ile wapo wanawake walioharibikiwa mimba wakatibiwa siku hiyohiyo, wakarudi nyumbani kwa watoto wao. Hawamjui Bernadine, na kwenye sherehe hii hawapo. Waliofuata baada yao, sitaki kuwaandika.

Asante, Bernadine. Simu isikuamshe tena, na magoti yako yapate nafuu. Anayebisha haya amuulize Dale Pruett, au Merle Gustafson mwenyewe, aliyenyimwa kura mwaka uliofuata na sasa anauza mbegu za mahindi. Asubuhi ile tulikaa naye kule chini mpaka kikao kikaisha. Alikuwa analia.