Mwalimu Fortunata na Alama Zilizotaka Kufichwa

Baada ya miaka kumi na tisa katika ofisi ya ushauri wa vyuo ya shule yetu hapa Al Quoz, Dubai, Mwalimu Fortunata Temu anastaafu rasmi tarehe 26 Juni. Tumeagizwa tumuage kwa maneno machache. Haya, tutajaribu, ingawa aliyetoa agizo hilo ni wazi hajawahi kukaa naye ofisi moja.

Alitoka kwao Marangu kuja kufundisha Jiografia, akapewa dawati la vyuo kwa muhula mmoja tu, mwenzake alipojifungua. Muhula huo ndio unaoisha mwezi huu! Wakuu wa shule watano wamepita, wote akiwaita mwanangu, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Chini ya meza yake kuna kandambili; viatu huvaliwa wageni wakija.

Kwa wasioijua kazi yake: watoto wetu wanaoomba vyuo vya Marekani hufanya mtihani wa SAT, wenye sehemu mbili, lugha na hesabu, na wanaruhusiwa kuurudia. Hapo ndipo huja swali linalowanyima wazazi usingizi: zitumwe alama zipi? Kuna chuo kinachotaka zote, kuna kisichozilazimisha kabisa, na kuna kinachochukua sehemu iliyo bora kutoka kila mtihani. Mwalimu ana sheria zake. Siku ya matokeo hakitumwi kitu. Ni chai ya tangawizi, basi. Kesho yake, yalla, haya, soma masharti ya chuo, tena kwa sauti. Na anayebonyeza kitufe ni mtoto. Mzazi ana kiti chake, kile cha karibu na mlango.

Baba mmoja mwenye gereji Ras Al Khor aliambiwa alama za mwanawe zisiende kabisa, kwa kuwa chuo hakikuzilazimisha na ripoti za darasani zilitosha. Akawaka: tuisheni yote ile, halafu zisionekane? Mwalimu akamwongezea chai. Kijana alipata chuo, na tangu hapo gari la Mwalimu lina fundi wa kudumu.

Lakini jambo ambalo mpaka leo linatuacha midomo wazi ni la Ivy, binti wa Duncan, msimamizi wetu wa mabasi. Ivy alitaka uhandisi, katika chuo kimoja tu, na bila ufadhili asingekwenda. Mara ya kwanza hesabu zake zilikaribia kuwa kamili, lugha ikaanguka vibaya. Akakazana na lugha. Mara ya pili ikapanda, ila hesabu zikateleza. Ukijumlisha, matokeo ya pili yalizidi kidogo.

Mwalimu alikuwa msibani Marangu. Duncan akaingia kwenye akaunti ya binti yake, akatuma ya pili peke yake. Kwao Kenya alikosomea, aliyerudia mtihani huenda na cheti kipya. Cha zamani hufungiwa sandukuni, hakitajwi hata mbele ya shangazi. Masikini, alidhani anamsitiri mwanawe.

Mwalimu akarudi muda wa maombi ukikaribia kwisha. Akafungua masharti: chuo kile ni katika vile vinavyochukua sehemu bora ya kila mtihani. Lo! Hesabu ambazo zingembeba mtoto wa uhandisi zilikuwa zimebaki Dubai. Sisi tungepiga kelele. Yeye alimwita Duncan, akampa kiti cha mlangoni na kikombe, akamwambia hofu yake ni ya kila mzazi, ila hapa ukificha kibaya unaficha na kizuri. Duncan akajifuta jasho, akasema ni sawa, Madam, lakini ile lugha ni aibu tupu, watamwonaje?

Mwalimu akamgeuzia Ivy kompyuta. Ivy aliona aibu kuliko baba yake. Alama zile hakuwahi kumwonyesha hata rafiki. Mwalimu akamwambia tu kwamba siku ile ya kwanza ilikuwa yake yote, lugha na hesabu, na hawezi kuikana nusu. Ivy akabonyeza. Kisha Mwalimu akapiga simu chuoni mwenyewe kuhakikisha watazisubiri. Na huko nako akawaita mwanangu.

Ivy alipata nafasi, ufadhili nao, alhamdulillah. Chuo kikamruhusu aruke somo la kwanza la hesabu, kwa zile alama zilizotakiwa kuzikwa. Duncan alilia kwenye maegesho ya mabasi mbele ya madereva wake wote.

Tulipomuuliza Mwalimu tuandike hapa miaka ipi, tulitegemea ataje ya tuzo na pongezi. Akasema tuandike na mwaka wake wa kwanza, alipotuma alama za msichana aitwaye Mawadda bila kusoma masharti, na msichana akakosa chuo. Hatukuwa tunajua. Miaka yote tumekunywa chai ile bila kujua ilianzia wapi, na leo tunamheshimu zaidi.

Basi, Mwalimu, yote tumeyatuma, na mwaka ule umo. Asante kwa kila mtoto. Upumzike vizuri Marangu, afya ikujae, na viatu uviache huku huku. Duncan atakupeleka uwanja wa ndege mwenyewe, kwa basi zima, abiria ukiwa wewe tu. Amesema kiti cha karibu na mlango ni chako, kwa kuwa ndicho kiti cha mzazi.