Jino la Abdu na Pete ya Massoudi

Benchi letu liko Jabe, nyuma ya soko, mahali ambapo harufu ya ndagala, wale dagaa wakavu, inakutana na harufu ya mpira wa viatu vipya. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeegemea ukuta unaotazamana na meza ya Massoudi, fundi wa vibiriti vya gesi, redio na simu. Kahawa inatoka kwa Mwantum. Huja baada ya Alasiri na birika mbili, moja ya kahawa tupu na moja iliyokolea tangawizi, na kila mtu huchanganyiwa kwa kipimo anachotaka. Uthmani, kaka mkubwa wa Massoudi, tunamwita Bomba kwa ajili ya moshi wake. Abdu, fundi wa pikipiki, tunamwita Pengo tangu mwaka jana, mfupa wa samaki aitwaye mukeke ulipomvunja jino la mbele. Sylvère anafanya kazi katika ofisi moja ya serikali huko Kigobe, hatujui kazi gani, kwa hiyo tunamwita Ministre, yaani waziri. Mimi jina langu ni Hugues na nilifundisha fizikia. Hapa naitwa Prof. Zamani nilikuwa napita tu, nawasalimia na kwenda zangu nyumbani. Tangu mke wangu Daphrose afariki, jioni zimekuwa ndefu, nami nimekuwa mtu wa benchi.

Siku hiyo Massoudi aliacha meza yake, jambo ambalo hafanyi, akaja kusimama mbele yetu.

— Mambo imeharibika, alisema. Gélase amepinga brevet yangu.

Inafaa nieleze. Massoudi alimtengenezea kaka yake sigara ya umeme yenye pete. Ukiizungusha pete, ladha inahama polepole kutoka tumbaku hadi menthe, yaani mnanaa, na lengo lilikuwa Bomba aiache tumbaku kidogo kidogo bila kugombana na mdomo wake mwenyewe. Kitu kilifanya kazi. Massoudi akaomba hataza, ambayo sisi hapa tunaiita brevet: ile haki inayosema kuwa kitu hiki kimebuniwa na fulani na asikitengeneze mwingine bila ruhusa yake. Kuna kiwanda cha nje kilichokubali kukitengeneza pamoja naye, ila kwa sharti moja, brevet itoke kwanza. Isipotoka, kila mtu yuko huru kuiga, na wa kwanza atakuwa Gélase, anayeuza sigara za umeme mjini. Massoudi atarudi kwenye vibiriti vyake.

— Gélase anasema nini, huyo? aliuliza Bomba.

— Anasema hii kitu haikuwa siri. Ati benchi yote ilijua mbele sijaomba. Bureau inatuma mutu, leo hii, kuja kuwauliza.

Sylvère alijipiga goti.

— Voilà! Na we unalia? Hiyo ni bahati, sha! Tuko mashahidi watatu. Tutasema tulijua tangu zamani, ni kitu ya Massoudi, siyo ya Gélase.

— Wallahi, mi naapa, alisema Abdu. Nilijua mbele ya wote.

— Hapana, nikasema. Sikilizeni vizuri. Kwenye brevet, kitu kilichojulikana hadharani kabla ya kuombewa hakihesabiwi kuwa kipya. Mkisema mlijua kinavyofanya kazi, mmempa Gélase ushindi.

— Prof, alisema Sylvère kwa upole wa mkubwa wa ofisi, we uko mutu wa vitabu. Kwenye tribunal, shahidi anayejua mingi ndiye anashinda.

— Tena wahenga walisema, mficha uchi hazai, aliongeza Abdu. Massoudi, tuache tufunue kila kitu, upate kuzaa.

Massoudi alinitazama. Sikuwa tayari kuwafundisha watu uongo. Nilitaka jambo moja tu, wasiseme zaidi ya wanachokijua. Lakini kwenye benchi letu hiyo ni funga ngumu kuliko ya Ramadhani. Walikuwa wameshaanza kujipanga.

— Mi nitaongea wa kwanza, alisema Bomba, kwa sababu ni mi navuta. Ndani kuko dawa mbili. Ukizungusha, joto inapanda, menthe inachemka mbele, tumbaku inabaki kulala.

— Uongo, alisema Sylvère. Pete ni antenne. Massoudi ni fundi wa redio, angetumia nini kingine? Huku unakamata tumbaku, huku unakamata menthe. Katikati ni parasite, ile makelele ya redio, ndiyo maana ukiweka katikati inakuchoma koo.

— Antenne inakamata ladha kutoka wapi, we Ministre?

— Kutoka juu! Kila kitu sasa iko juu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Moshi ya kwanza na ya pili ni mgeni, ya tatu imeshazoea mdomo.

— Mwanichosha, alisema Abdu. Moshi ni moja tu. Haibadiliki hata kidogo. Pete inatuma umeme kwenye ulimi, ulimi unadanganyika. We unafikiri ni menthe, kumbe ni ulimi wako umepigwa courant.

— Basi nitawaambia kitu sijawahi kusema, alisema Bomba akipunguza sauti. Ile kitu inasoma moyo. Siku nikigombana na bibi, mama watoto, inakuwa kali na sijagusa pete.

— Hiyo siyo pete, alisema Mwantum. Hiyo ni bibi yako.

Tulicheka, isipokuwa Massoudi. Mwantum alimimina kidogo kutoka birika hii, kidogo kutoka ile, akampa Abdu kikombe.

— Na kama ni kuchanganya ladha, mbona mi nachanganya hapa kila siku? Brevet iwe yangu.

Mimi na Massoudi tulitazamana, kisha kila mmoja akatazama pengine.

Hapo pikipiki ya abiria ilisimama kando ya soko, akashuka mwanamke mwenye mkoba wa ngozi na kofia ya pikipiki mkononi. Aliuliza kwa Massoudi ni wapi. Alipoonyeshwa, alimsalimia kila mtu kwa mkono, akakaa kwenye ncha ya benchi bila kupangusa vumbi.

— Naitwa Elsa. Natoka bureau ya brevet.

— Karibu, madame, alisema Mwantum. Tangawizi kiasi gani?

— Nusu kwa nusu.

Alikunywa mafunda mawili, akaweka kikombe chini.

— Nimeambiwa kwamba ninyi hapa mulijua kifaa cha bwana Massoudi mbele hajaleta ombi lake.

— Sana! walijibu watatu kwa pamoja.

Massoudi alifumba macho.

— Mulikuwa munaona kinavutwa?

— Kila siku, madame, alisema Bomba. Hapa hapa. Moshi ilikuwa inafika kwa wauza mboga.

— Sawa. Basi niambieni kitu kimoja. Mutu akizungusha pete, ndani kunafanyika nini?

Nimefundisha miaka mingi, na naujua ukimya wa darasa ambalo halikusoma. Una sauti yake. Mtu anakwaruza ubao kwa ukucha, mwingine anagundua kuwa kiatu chake kina kamba.

Sylvère alikohoa.

— Madame, ile kitu iko na système.

— Système gani?

— Ya... kuzunguka.

— Na inapozunguka?

— Inazunguka donc.

Elsa alimgeukia Bomba.

— Na wewe unayeivuta?

— Mi navuta tu, madame. Mutu anayekula wali haulizwi jiko.

— Abdu naye anasema ni ulimi, alisema Mwantum. Huyu anasema antenne.

— Mi sikusema antenne, alisema Sylvère haraka. Nilisema kama antenne.

Elsa hakucheka. Aliomba kifaa. Bomba alikitoa kwenye mfuko wa shati, akakipangusa, akampa. Alikigeuzageuza kwenye mwanga, akajaribu kukifungua kwa kucha, kikakataa.

— Hakuna aliyewahi kukifungua?

— Massoudi aliifunga na gundi, mbele hajanipa, alisema Bomba. Akaniambia, kaka, siku utaifungua, tafuta mdogo wako mwingine.

— Na hii alama hapa, kando ya pete? Mutu alijaribu.

Sote tuliinama kutazama. Kulikuwa na mchubuko mdogo wenye ncha mbili. Nilipoinua kichwa, Abdu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

— Abdu, alisema Mwantum taratibu. Ule mfupa wa mukeke ulikuwa mfupa gani?

— Mfupa ni mfupa.

— Abdu. Mukeke yule nilikupikia mi. Nilitoa mifupa yote.

Abdu aliangalia upande wa soko, kana kwamba msaada ungetoka kwa wauza ndagala.

— Astaghfirullah. Haukuwa mfupa. Bomba aliisahau hapa, akaenda kuswali. Nilijaribu na tournevis ya kufungulia skrubu, ikakataa. Nikajaribu na jino.

— Ikafunguka? aliuliza Elsa.

— Pete ilibaki, madame. Jino lilikwenda.

Bomba aliteleza kutoka kwenye benchi kwa kicheko. Sylvère alimshika bega Abdu akamwita Pengo, kisha akamwita Koleo, kisha akakosa pumzi. Elsa aliinamia mkoba wake, nikadhani anatafuta kalamu, kumbe anaficha uso.

— Ilikuwa lini? aliuliza alipoweza.

— Mwaka jana, mbele ya Ramadhani.

— Ombi liliingia baada ya Idi, alisema, kama mtu anayejisemea. Basi mbele ya ombi, hata jino halikufika ndani.

Halafu akanigeukia.

— Na wewe, muzee? Hujasema unajua, wala hujasema hujui.

— Ninajua, nikasema.

Massoudi alishika ukingo wa meza yake.

— Massoudi alinionyesha kilichomo ili nimwandikie maelezo kwa Kifaransa, nikaendelea. Tulikubaliana kuwa siri isitoke.

— Na haikutoka? Hata nyumbani? Watu wengi wanasema hawakumwambia mutu, na wanasahau kuhesabu nyumbani.

Aliuliza kwa adabu. Lilikuwa swali la kazi. Nililijibu kikazi.

— Massoudi alinijia wakati mke wangu ameshazikwa. Marehemu nilikuwa namwambia kila kitu. Baada yake sikuwa na wa kumwambia.

Mwantum alichukua kikombe changu, ambacho hakikuwa kitupu, akakijaza.

— Pole sana, muzee, alisema Elsa.

— Asante.

Nilichoacha kumwambia, kwa kuwa hakikuhitajika, ni kwamba maelezo yale yalikuwa kazi ya kwanza niliyoweza kuimaliza tangu msiba. Massoudi alikuwa akija nyumbani, anakaa kwenye kiti cha mlangoni, nami naandika sentensi moja, naifuta, naandika upya mpaka isiwe na neno la ziada. Yeye alidhani namsaidia.

Elsa alisimama, akavaa kofia yake.

— Nitaandika niliyosikia. Kifaa kilionekana, lakini hakikujulikana. Watu waliona moshi, hakuna aliyejua unavyotengenezwa, na yule aliyejua alikuwa amefungwa na ahadi. Pingamizi la bwana Gélase mi naona halina msingi. Sahihi ni ya mkubwa wangu, siyo yangu, lakini kwa upande huu, bwana Massoudi, lala usingizi.

Pikipiki ilipoondoka, Massoudi alikaa chini kwenye tofali kama mtu aliyetua gunia la mchele. Alisema Alhamdulillah, akarudia, mara ya tatu ikawa ni pumzi tu. Bomba alimwekea mkono kichwani, kama anavyofanya kaka kwa mdogo wake hata mdogo akiwa na mvi.

— Kumbe mficha uchi anazaa! alisema Bomba.

— Na shahidi asiyejua kitu ndiye anashinda, nikasema, nikimtazama Ministre.

— Prof, we tulia, alisema Sylvère. Tumemuokoa, ao hatukumuokoa? Sasa ombi limeingia, siri ya nini tena? Tuambie.

Nilimtazama Massoudi. Alikuwa akicheka huku anajifuta macho kwa kitambaa cha kufutia simu. Alitikisa kichwa kukubali.

Nikamwomba Mwantum ashike birika zake mbili, moja kila mkono, azimimine pamoja kwenye kikombe kimoja.

— Sasa ukiinua hii kidogo, ile iinamishe kwa kiasi kilekile. Usisimame. Endelea. Mnaona? Kahawa inayoingia ni ileile, haizidi wala haipungui. Tangawizi tu ndiyo inayohama. Ndani ya pete kuna kibati cha duara chenye matundu mawili, moja la tumbaku na moja la menthe, na kila tundu lina umbo la mbegu ya boga, pana upande mmoja, jembamba upande mwingine. Yamegeuziana. Ukizungusha, moja linapanuka kwa kipimo kilekile ambacho jingine linabana. Kwa wengine waliojaribu kabla yake, ladha ikibadilika, na moshi unabadilika. Kwa Massoudi, mvutaji anapata moshi uleule, na tumbaku inaondoka bila kuaga.

Ulikuwa umepita muda mrefu sijasema maneno mengi namna hiyo kwa mfululizo. Nilishangaa kuona sauti bado ipo.

Kisha Bomba akasema:

— Ni hiyo tu?

— Mbona rahisi! alisema Sylvère. Mi nilijua. Si nilimwambia madame, ni kuzunguka?

— Na mi nilisema ni yangu, alisema Mwantum, mukanicheka.

Alizitikisa birika zake. Zote mbili zilikuwa tupu. Somo langu lilikuwa limemaliza kahawa ya watu wote. Hakuna aliyelalamika. Abdu alikuwa akipitisha ulimi kwenye pengo lake, anawaza.

— Mbegu ya boga, alisema mwishowe. Jino langu la mbele, wallahi, limekufa kwa mbegu ya boga.