Petroli ya Wagonjwa Mikononi mwa Erifazi Egesa

Tarehe 31 Desemba 1958, dereva wetu, Bwana Erifazi Egesa, atakabidhi funguo za pikapu ya hospitali yetu hapa Tororo, baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili. Tunamwandikia kwa furaha, ingawa wengi wetu tumeanza kuliona pengo lake kabla hajaondoka.

Egesa ni mtu wa upande wa Busia. Alipoajiriwa, mkewe Nasirumbi alibaki nyumbani kulima na kumtunza mama yake Egesa, naye mume akapewa chumba nyuma ya bohari ya hospitali. Nyumbani alikwenda wakati wa likizo tu. Pikapu ilipotumwa Busia ilipita kwenye njia panda ya kwao, na Nasirumbi, aliyeujua mlio wake, alitoka shambani akasimama kando ya barabara. Walisalimiana dirishani, kisha gari likaenda zake.

Vita vilipokuja, petroli ikawa ya kugawiwa kwa kipimo. Hapo ndipo tulipomjua Egesa. Alisafisha plagi na kichujio cha hewa kila Jumamosi, akajaza tairi upepo wa kutosha, akazima injini kila alipongoja. Hakukanyaga mafuta kwa pupa; kilima alikiona kwa mbali na kukijia taratibu. Aliyepanda na mzigo usio wa kazi aliteremshwa pamoja na mzigo wake. Mchungaji wetu anakumbuka alivyorudi kwa miguu kutoka Nagongera, amekumbatia jogoo wa zawadi.

Mwaka mmoja wa vita ile, mgao ulichelewa. Tangi lilikuwa na petroli kidogo mno habari ilipofika kwamba Akullo, mke wa mkulima karibu na Busia, alikuwa katika uchungu wa kuzaa uliokwama. Egesa alishusha mabenchi ya nyuma na masanduku yote ili gari liwe jepesi, akaondoka asubuhi na mapema, kungali baridi, pamoja na nesi Aguti.

Kwenye njia panda Nasirumbi alikuwa amesimama. Safari hii hakusalimia.

"Mama ni mgonjwa sana," alisema. "Anakuita wewe tu."

Egesa alishuka, akatumbukiza kijiti ndani ya tangi, akakitazama. Nyumba yao ilikuwa mbali na barabara. Aguti anasimulia kwamba alimwambia mkewe, "Nikiingia huko, yule mama mwenye uchungu hatafika hospitali. Mwambie nakuja." Akawasha gari.

Walimchukua Akullo wakarudi polepole. Karibu na hospitali injini ilianza kukohoa, ikazimika mbele ya lango, nasi tukaisukuma pikapu hadi ndani. Jioni ile Akullo alijifungua mtoto wa kike, wote wawili wakiwa salama. Egesa aliazima baiskeli papo hapo akaenda kwao. Alipofika, mama yake alikuwa amekwisha kufa.

Kazini hakumweleza mtu. Alirudi baada ya maziko, akaendelea na kazi. Aguti hakujua mwisho wa habari ile, nasi tumeusikia mwaka huu tu, kutoka kwa Nasirumbi, alipokuja kumsaidia mumewe kufunga vyombo. Tulipomuuliza Egesa, alijibu akifuta mikono yake kwa kitambaa: "Yule mama alifika, namshukuru Mungu. Lakini mama yangu namlilia. Hata leo napita pale namlilia."

Dereva mpya, Bwana Osire, amekwisha kufundishwa yote, naye ni makini. Hata hivyo, asubuhi tutatega sikio tukitafuta mwondoko ule wa pole uliotuambia kwamba Egesa ametoka, na kwamba huko aendako kuna mtu atakayefikishwa hospitali.

Bwana Egesa, asante kwa kila safari, na kwa ile uliyoikosa kwa ajili yetu. Nenda nyumbani kwa Nasirumbi, mle chakula cha mchana pamoja, siku baada ya siku. Tunawatakia maisha mema na marefu.