Mama Nozeli na Kichwa cha Treni Kilichoitwa Babu

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Nozeli, na wapo humu walioishi naye miaka bila kujua kwamba ana jina lingine. Nitasoma taratibu, nikikwama mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Novemba 1954, katika kota za reli, chumba cha pili kutoka mwisho, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba yetu, aliyekuwa mgeuza njia, yaani mtu wa kuvuta lile rungu la chuma linaloamua treni ipite reli ipi, na mama yetu, aliyekuwa mshona nguo. Treni ilipopita, vikombe viligongana kabatini, na mama alikuwa akisema kwamba wanawe wengine waliamka vikombe vilipogongana, huyu aliamka viliponyamaza. Vichwa vya dizeli vilipoletwa kuchukua nafasi ya vile vya makaa, watu wazima wa kota hawakuvipenda, walisema havina roho, vinanguruma tu bila kuhema, lakini dada, akiwa na miaka sita, alishika wavu wa uzio akamuuliza baba, "Moto wake uko wapi?" baba akamjibu, "Uko ndani, hauonekani," naye akasema, "Basi mimi nataka kuuona," na ugonjwa ulioanza siku ile haukuwahi kupata dawa.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, akaendelea na sekondari hadi 1971, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, fani ya mitambo ya dizeli, alikohitimu mwaka 1974, akiwa msichana pekee darasani, na kwa kuwa jengo lile halikuwa na choo cha wasichana, ilimbidi avuke uwanja mzima kwenda kuazima cha ofisini, jambo alilolisimulia kwa kicheko hata uzeeni, akisema chuoni alifundishwa mambo mawili, injini na kubana mkojo.

Aliajiriwa katika karakana ya reli tarehe 11 Februari 1975, akawekwa kwenye meza ya nozeli, ile midomo midogo ya chuma inayopulizia mafuta ndani ya silinda yawe kama ukungu, kazi inayotaka mikono safi na sikio zuri, na jina lake likatokea hapo. Mwaka 1979 alikabidhiwa uangalizi wa kichwa namba arobaini na moja, injini ya silinda kumi na mbili, ambacho mafundi walikiita Babu kwa sababu hakikukubali kuamka asubuhi bila kukohoa kwanza na kutema moshi mweusi, na kikishakohoa, kilivuta mabehewa siku nzima bila kulalamika.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 8 Julai 1978 na shemeji yetu, dereva wa treni, mtu wa utani mwingi, aliyezoea kuwaambia wageni, "Mke wangu ana waume wawili, mmoja anakula wali, mwingine anakunywa dizeli, na mwenye wivu ni yule wa dizeli." Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1980, ambaye ni muuguzi na yuko nasi hapa, na kijana aliyezaliwa mwaka 1983, ambaye anaishi mbali na ameshindwa kufika.

Mwaka 1998 safari za abiria zilisimamishwa, karakana ikafungwa, wafanyakazi wakaambiwa warudishe funguo na ovaroli, naye alirudisha funguo, ovaroli alirudi nayo nyumbani kaivaa. Miaka mitatu baadaye zikaja habari kwamba vichwa vyote vya zamani vinauzwa kama chuma chakavu, na hapo wastaafu kumi na wawili, mafundi, madereva na mlinzi mmoja wa geti, dada akiwa mmoja wao, wakaenda ofisini kuomba waachiwe kimoja tu, wakitunze, watoto wapate kujua nchi ilikuwa ikisafiri vipi. Waliachiwa Babu, pamoja na banda la mwisho na kipande cha reli kinachoishia kwenye mlingoti wa ishara, kwa kauli ya bosi wa wakati ule aliyesema, "Kaeni nacho mpaka eneo litakapohitajika." Walitoka pale wakipongezana kama waliooa, maana kwa wakati ule nani angelihitaji eneo lenye magugu, panya na mataruma ya reli yaliyooza?

Babu alikuwa amelala nje misimu minne ya mvua. Pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda kwa kutu, maji yamejaa mahali pa oili, nyuki wamejenga ndani ya bomba la moshi, na kila Jumamosi dada alikuwa tumboni mwa injini ile, tochi mdomoni, akitoa kitu kimoja, akikisafisha, akikirudisha, huku shemeji yetu akiwa nje na chupa ya chai, akimpasha habari za mtaa kupitia tundu la kuingizia hewa. Shemeji alifariki dunia tarehe 14 Septemba 2006, kwa shinikizo la damu, kabla injini haijawaka, na wiki mbili baada ya mazishi dada alirudi bandani, watu wakasema hana huzuni, na waliosema hivyo hawakumwona akiiacha chupa ile ya chai mezani nyumbani mpaka vumbi likaifunika.

Kichwa kiliwaka tarehe 25 Aprili 2009. Kwenye kiti cha dereva alikaa mzee tuliyemwita Mzee wa Breki, dada akiwa nyuma kwenye injini, mlango wazi, akimpigia kelele, "Mpe kidogo kidogo, usimshtue!" Mara ya kwanza kiligoma, mara ya pili kiligoma, mara ya tatu kikakohoa, kikatoa wingu jeusi lililowafunika wote, kisha silinda zikaanza kupokezana moja baada ya nyingine, banda zima likatetemeka, na watu wa barabarani wakaja mbio wakidhani kuna moto. Wazee walikuwa wanarukaruka kama watoto, mlinzi wa geti amevua kofia anapepea, wakaulizana, "Mama Nozeli yuko wapi?" wakamkuta hajatoka, ameweka kiganja ubavuni mwa injini, machozi yanachora njia katika masizi ya uso wake. Binti yake akamuuliza, "Mama, sasa unalia nini na kimewaka?" akamjibu, "Baba yako hakukisikia."

Kwa miaka saba, Jumapili moja kila mwezi, Babu alivuta behewa moja kutoka bandani hadi kwenye mlingoti na kurudi. Hapakuwa na mahali pa kwenda, ilikuwa ni kwenda na kurudi tu, lakini waliopanda waliwapungia mikono waliobaki kama watu wanaosafiri kweli, na wapo waliofunga na mizigo. Dada alikuwa na furaha miaka ile. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu yanayofuata hayana furaha.

Wale kumi na wawili walianza kupungua. Mtu wa betri alitangulia, akafuata mchomeleaji, kisha madereva wawili mwaka mmoja, na kila aliyeondoka aliondoka na kazi yake mikononi, kwa sababu vijana walipenda kupanda, kulala chini ya mtambo na oili ikiwadondokea machoni hawakupenda. Mwezi Oktoba 2016 dada alifika bandani akakuta mlango umevunjwa, na waya zote za shaba, zile nene zinazopeleka umeme kutoka jenereta hadi kwenye mota za magurudumu, zimekatwa na kuchukuliwa, hata zile nyembamba za taa, mpaka honi imeng'olewa. Jirani mmoja wa pale alitueleza kwamba alimwona ameketi kwenye ngazi ya kichwa, na alipomuuliza, "Mama, tuite polisi?" alisema, "Waite, lakini waje na fundi."

Hakukata tamaa siku ile. Watu wazima tunasifia sana wasiokata tamaa, mimi sasa nina shaka. Alikuwa na miaka sitini na moja, akaanza upya, akiomba vipande vya waya kwenye magereji, akiviunga kimoja kimoja, na waya aliyoifunga mwaka huu wezi waliifungua mwaka uliofuata. Kifua nacho kilikuwa kimeanza kumbana, akifika ngazi ya tatu anasimama, anajifanya anaangalia boliti. Babu hakuwaka tena.

Mwaka 2021 eneo likahitajika. Taarifa ilikuja kwamba pale panajengwa stendi ya mabasi, na kila kilichopo kiondolewe, na kwa kuwa reli ya kutokea nje ilikuwa imeshang'olewa, kichwa kile kilikuwa kama meli iliyonaswa kisimani. Dada alitembea ofisi hadi ofisi, na tunapenda kusema ukweli, hakuna aliyemfukuza, walimkaribisha, walimpa kiti, makumbusho wakamwambia nafasi imejaa, shule moja ya ufundi ikakubali, kisha ikasema sakafu yao haitabeba uzito ule. Ofisa mmoja, mtu mwenye heshima zake, alimshika mkono akamwambia, "Mama, sisi tunakuelewa kabisa," naye akamjibu, "Kueleweka nimeeleweka sana, mwanangu. Ninachotafuta ni mita ishirini za ardhi." Hazikupatikana. Mwanawe wa kiume alimpigia simu akamwambia, "Mama, achana nacho, kile ni chuma, hakikujui," na dada alikata simu, na kwa muda mrefu hawakuzungumza.

Wakataji walikuja mwezi Machi 2023, na mitungi yao ya gesi. Tulidhani hatakwenda. Alikwenda, amevaa ovaroli, akamtafuta kiongozi wao, kijana mpole ambaye naye yuko hapa leo, akamwambia, "Msianzie hapo, hapo kuna tangi, bado lina mvuke wa mafuta, litawaua." Kijana akamuuliza, "Mama, wewe ni nani?" akasema, "Mimi ndiye fundi wake." Akaomba wamsubiri. Akafungua kizibo mwenyewe akamwaga oili yote kwenye mapipa, akafungua matangi yakapata hewa, akachukua chaki akawachorea mahali pa kupitisha moto na mahali pa kuacha, kisha akashuka akaketi kwenye kiti cha mlinzi, akatazama kazi ile kila siku mpaka ilipokwisha. Miaka ishirini na miwili alipigana kichwa kile kisikatwe, na mwisho ni yeye aliyeonyesha pa kukatia, kwa sababu hakutaka mtoto wa mtu aungue. Walipomaliza, kijana yule alimletea kibao cha namba, arobaini na moja, amekifuta vizuri kwa kitambaa, akamwambia, "Chukua basi hiki, mama, iwe kumbukumbu." Dada akakitazama, akamrudishia, akasema, "Sichukui kidole cha maiti."

Tangu hapo hakutaja treni tena. Ovaroli aliifua, akaikunja, akampa jirani anayepaka rangi nyumba. Mwezi Agosti mwaka ule alilazwa kwa mara ya kwanza, na madaktari wakakuta mapafu yake yamekakamaa kwa moshi wa miaka mingi, ugonjwa usiorudi nyuma, unaoweza kupunguzwa kasi tu. Binti yake, ambaye ni muuguzi na alielewa maneno yale kabla hayajatafsiriwa, alishindwa kujizuia, akamwambia pale pale kitandani, "Kile kichwa ndicho kilichokuua, mama, na wewe ulikuwa unakibembeleza," na dada, akivuta pumzi kati ya neno na neno, akajibu, "Heri kingenimaliza kikiwa kinanguruma." Mama na mwana wakalia, kila mmoja kwa lake.

Alipewa mashine ya hewa nyumbani, akaishi nayo miezi kumi, mwanawe wa kiume akaanza kupiga simu tena, akiongea yeye, mama akisikiliza tu. Tarehe 18 Juni 2024 hali ilibadilika akarudishwa hospitali, na jioni alimuuliza binti yake swali ambalo hakuwa ameuliza mwaka mzima, "Pale sasa kuna nini?" Binti angeweza kudanganya, lakini nyumba yetu haina desturi hiyo, akamwambia, "Wamemwaga zege, mama, mabasi yameanza kuingia." Dada akageukia ukutani. Alifariki dunia kesho yake mchana, tarehe 19 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na sisi wadogo zake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, waliompa hewa pale ambapo hawakuwa na kingine cha kumpa, inawashukuru majirani waliopika, waliofagia na waliokesha nasi, inamshukuru kijana wa gesi aliyekuja bila kualikwa akabeba jeneza upande wa mbele, na inawashukuru wafanyakazi wenzake wa reli, ambao kwa leo ni mmoja tu, Mzee wa Breki, aliyekaa pale mbele, na ambaye masikio yake hayasikii tena, hivyo nitakayosema naomba aliye karibu amwandikie kiganjani. Tungependa kuwaambia kwamba kazi ya dada yetu imebaki. Haikubaki. Tumetafuta cha kuwaonyesha wajukuu, hatukukipata, wala hatujui tujifariji kwa lipi, na hatutawadanganya kwamba tunajua.

Dada yetu, umechoka kwa haki. Nyoosha mikono yako, hakuna anayekudai kazi, lala, na amani uliyoikosa huku uikute huko.